Ua Haukuhama, Kanisa Ndilo Lililohama

Shemasi Zablon Oyaro,
Njia ya Ogwedhi,
Uriri, Migori.

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Vijana Wachora Ramani,
Rongo.

Ndugu Mwenyekiti,

MINT: PICHA ZENU ZA ANGANI KUHARIBU JINA LANGU, UA WANGU NA KANISA LETU

Pokea salamu zangu za dhati. Natumaini hujambo wewe, wanakikundi wako na zile kompyuta zenu. Mimi sijambo kwa mwili. Moyoni si shwari, na nakuandikia wewe kwa kuwa nyinyi ndio mlionivuruga.

Jina langu ni Zablon Oyaro. Ni shemasi katika kanisa letu la Waadventista hapa kijijini, na tangu ndugu zangu wakubwa wafariki, mimi ndiye mkubwa wa ukoo. Kwa mila yetu Wajaluo, mkubwa ndiye hutangulia kutia jembe ardhini kila msimu. Wadogo wote hungoja. Hata mvua inyeshe mpaka vyura wachoke kulia, hakuna anayelima kabla yangu. Naieleza mila hii mapema kwa sababu kuna watu wanaosema kwamba kila nilipotangulia kulima, nililima na kidogo cha ziada.

Watu hao ni Roselyn, mjane wa marehemu Obare, ndugu yangu mdogo. Shamba lake na langu yanapakana, na katikati kuna ua wa ojuok, ile miti yenye utomvu mweupe unaopofusha macho. Ukichomeka tawi lake lolote ardhini, linashika. Roselyn alikwenda kwa chifu akadai kwamba ua huo umekuwa ukimfuata. Kwamba msimu baada ya msimu, tuta baada ya tuta, umemjia hadi umelipita kaburi la mumewe, na sasa Obare amelala upande wangu. Chifu, badala ya kutuita sisi wazee tumalize mambo kwa chai, akawaita nyinyi mje na picha.

Sina ugomvi na kazi yenu kwa jumla. Nilisikia mlivyofanya kule Homa Bay, mlipolaza picha ya zamani ya ufuo juu ya picha ya sasa, mkaonyesha jinsi ziwa lilivyopanda likameza mashamba ya watu, mabanda yao na vyoo vyao. Niliwasifu kanisani, tena kwa sauti. Sikujua kwamba mkimaliza na ziwa mtakuja kwangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hodi. Kwetu mtu haingii boma la mwenzake bila kubisha hodi. Hata mwizi mwenye malezi hukohoa kidogo. Lakini hiyo setilaiti yenu imepita juu ya boma langu miaka yote hii, ikapiga picha nyumba, zizi, na choo changu ambacho bado hakina paa, na haijabisha hodi hata mara moja. Mimi naiheshimu hodi. Roselyn mwenyewe ni shahidi yangu. Tangu kaburi la mumewe lijikute upande wangu, sijamkataza kuja kulipalilia. Ninachotaka ni abishe hodi langoni kwangu, angoje, na kama nipo, ataruhusiwa. Kama mjane anaweza kufanya hivyo, setilaiti inashindwa na nini?

2. Picha kuteleza. Binti mliyemtuma, Lynnet, alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, akafunga madirisha, akarusha hapo picha mbili, moja ya zamani na moja ya juzi, zikiwa zimelaliana kama chapati kwenye sahani. Kabla hajaanza, alitueleza kwa adabu kwamba picha hizi huweza kuteleza. Ya zamani ikikaa pembeni kidogo ya ile mpya, kila kitu kitaonekana kimehama hata kama hakikuhama. Kwa hiyo lazima kwanza zishikizwe pamoja kwa kitu ambacho kila mtu anajua hakijaondoka mahali pake. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilikuwa tayari kusema kwamba kila kitu kimeteleza, kisha niende nyumbani nikale.

Lakini binti akanigeukia mimi. "Mzee, wewe ndio mkubwa hapa. Chagua kitu haijawahi hama, ndio kesho usiseme tulikuchezea."

Mwenyekiti, jiweke mahali pangu. Shemasi akiulizwa mbele ya mchungaji, chifu na waumini wake ni kitu gani hakihami, atajibu nini? Nilisema kanisa. Nilisimama kabisa kulitaja, na nikaongeza kwamba limejengwa juu ya mwamba. Watu wakaitikia amina. Lynnet akashika pembe ya paa la kanisa katika picha ya zamani, akailaza juu ya pembe ileile katika picha mpya, zikakaa sawasawa. Barabara ikakaa juu ya barabara. Shule ikakaa juu ya shule. Kila kitu kijijini kilikaa juu ya mwenzake isipokuwa ua wangu.

Ndipo nilipolazimika kusimama mara ya pili na kueleza kwamba, kwa kuwa ua haukuhama, bila shaka kanisa ndilo lililohama. Mchungaji aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. Tangu siku hiyo nimepumzishwa kusoma matangazo ya Sabato. Mzigo huo nauweka mlangoni kwenu, maana ni nyinyi mliomfikisha mtu mzima mahali pa kulihamisha kanisa ili aunusuru ua.

3. Ule mstari. Chombo chenu kina mstari mmoja uliosimama katikati ya picha, nao huvutwa kwa kidole. Upande wa kushoto wa mstari ni picha ya zamani, upande wa kulia ni ya sasa. Lynnet angeweza kuuvuta yeye mwenyewe mara moja, tukaona, tukatawanyika. Badala yake akampa Roselyn avute. Mwanamke muuza dagaa wa omena, ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake, akavuta mstari kwenda kulia, ua ukarudi kwangu. Akavuta kushoto, ua ukamwendea yeye. Kulia, kaburi kwake. Kushoto, kaburi kwangu.

Watu wakaanza kucheka. Wakaomba arudie, akarudia. Kuna mzee asiyeona vizuri aliyeomba asogezwe mbele, ikabidi warudie tena kwa ajili yake. Mtu mmoja nyuma akasema mwenye macho haambiwi tazama, wakacheka upya. Nasema wazi kwamba niliumia. Ua ule nimeupanda kwa mikono yangu, tawi kwa tawi, na sikupenda kuona ukifanywa mchezo.

Kicheko kilikatika kwa sababu Roselyn aliacha kuvuta. Mstari aliuacha juu ya lile doa jeupe la vigae, yaani juu ya kaburi lenyewe. Upande wa kushoto ukabaki ua wa zamani, upande wa kulia ukabaki ua wa sasa, na Obare akaonekana amelala katikati ya nyua mbili kama mtu aliyefungiwa. Roselyn akamgeukia chifu.

"Mimi sina maneno mingi," alisema. "Nataka tu kujua, bwanangu amelala kwa nani?"

Nilimkumbusha chifu kwamba swali hilo halikuwa kwenye ajenda.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Mke wangu Kezia aliisoma barua hii nilipokwenda kunywa maji, na ameniambia kwamba lalamiko hilo likibaki, naye ataandika barua yake.

5. Sabato. Kana kwamba picha mbili hazikutosha, Lynnet alitoa ya tatu, iliyopigwa miaka ya katikati. Ndani yake kulikuwa na ukanda wa udongo mwekundu, mbichi kabisa, uliofuata ua kutoka mwanzo hadi mwisho. Pembeni mwa picha kulikuwa na tarehe. Mchungaji, ambaye kwa kawaida ni mtu mpole, akatoa simu yake, akaitafuta tarehe ile kwenye kalenda, akatangaza kwamba ilikuwa Jumamosi.

Watu wote walinitazama mimi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza setilaiti ilikuwa inatafuta nini kazini siku ya Sabato. Mimi, kama nilikuwa shambani siku hiyo, na sisemi nilikuwepo, basi nilikuwa natembea nikitafakari uumbaji wa Mungu. Jembe lilikuwa la kuegemea. Lakini chombo kinachozunguka dunia nzima kikipiga picha kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi kinaaminiwa kuliko shemasi. Naomba kikundi chako kitafute setilaiti inayopumzika.

6. Kaburi. Hapa naomba unisome kwa utulivu. Nyumba ya kwanza ya Roselyn ilikuwa karibu na ua. Ilipoangushwa na mvua, alijenga nyingine ya mabati karibu na barabara, na kaburi la mumewe likabaki peke yake huku nyuma. Niliieleza baraza kwamba, ikiwa lazima kuwe na kitu kilichohama, basi ni kaburi hilo. Mchungaji akanikumbusha mafundisho yetu, kwamba wafu hawajui neno lolote. Nakubali kwa moyo wote. Hawajui. Lakini hakuna mahali nilipopata kusoma kwamba hawatembei.

Obare mwenyewe, enzi za uhai wake, hakuwa mtu wa kutulia. Leo yuko Kehancha ananunua ng'ombe, kesho yuko Ogwedhi anawauza, keshokutwa hujui aliko. Mtu wa namna hiyo hawezi kulala mahali pamoja kwa sababu tu amekufa. Tena alinipenda. Nilimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, na mimi ndiye niliyemwosha miguu siku ya arusi yake ili asiingie kanisani na matope. Ni kawaida ndugu mdogo kusogea karibu na mkubwa wake. Kama alisogea kwa mapenzi, mimi ni nani nimfukuze?

7. Ziwa. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linaonyesha ubaguzi. Mlipoona ziwa limehama kule Homa Bay, mliandika nini? Mliandika kwamba ziwa limepanda. Hamkuandika kwamba ziwa lina tamaa. Hakuna chifu aliyeliita ziwa barazani, hakuna mchungaji aliyelitafutia tarehe kwenye simu, na hakuna mwanamke aliyepewa mstari alivute kulia na kushoto watu wakicheka. Waliomezewa mashamba waliambiwa poleni, wakapewa blanketi, wakahamia juu zaidi. Sasa mimi, ambaye nikilinganishwa na ziwa sijala kitu, naitwa mnyang'anyi. Naomba ramani yenu inipe haki ileile. Andikeni kwamba ua wa Oyaro umepanda. Nichukuliwe kama janga la asili, na Roselyn apewe blanketi. Hata hilo blanketi niko tayari kulichangia.

Kwa hayo yote, ombi langu ni moja. Chifu ameagiza kwamba Alhamisi hii Lynnet arudi na vifaa vyake, aonyeshe ua ulipokuwa katika picha ya zamani, na ojuok zangu zing'olewe zirudishwe huko. Naomba kabla ya Alhamisi muifute picha ya zamani. Bakini na mpya tu. Mpya ni nzuri, ina rangi, na ndani yake ua umetulia vizuri. Picha ya zamani ni ya nini? Hata viongozi wetu wakubwa hutuambia kila siku tusahau yaliyopita, tusonge mbele, na wao wana mashamba makubwa kuliko langu. Kama wao wamesamehewa ya hekta, mimi naomba nisamehewe ya matuta.

Nisalimie wanakikundi wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Msalimie Lynnet pia. Sina kinyongo naye, ni vile tu nisingependa kumwona tena. Wasalimie watu wote wa Rongo wanaonijua, na wale wasionijua uwaambie habari zangu kwa upole. Kezia anawasalimu, na amenisisitiza niandike kwamba salamu zake yeye ni za kweli.

Nabaki mimi, jirani mwema na mtunza mipaka,

Zablon Oyaro
Shemasi (kwa sasa niko mapumzikoni)

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, imebidi niifungue.

Upande wa chini wa shamba langu kuna gunda, yaani mahali palipokuwa boma la zamani la baba yangu. Huko napakana na Bonface, mfanyabiashara aliyenunua shamba la jirani yetu aliyehamia mjini. Asubuhi hii Bonface ameleta trekta. Imeng'oa ua wote wa huko chini, ule aliopanda baba, imelima hadi ng'ambo ya kaburi la mama yangu, na vijana wake sasa wanafunga seng'enge. Nilipokwenda kumwuliza, hakunisalimia hata. Amesema mpaka umekuwa hapo tangu zamani, labda kaburi ndilo lililosogea. Kisha akaniambia kwamba hanikatazi kuja kulipalilia kaburi la mama. Nibishe hodi tu getini, ningoje, na kama yupo nitaruhusiwa.

Mwenyekiti, mama yangu alizikwa kwetu. Nilishika mwenyewe kamba ya jeneza lake. Nimeketi pale kwenye matuta mapya nikalia, mzee mzima, mbele ya vijana wa seng'enge.

Kwa hiyo nakuomba, kwa heshima zote, msiifute ile picha ya zamani. Ni picha nzuri sana. Haidanganyi. Mniletee ikiwa na muhuri, na muishikize kwa kanisa, ambalo nimekwenda kulikagua leo na nathibitisha kwamba halijahama. Ila kama inawezekana, ikatwe katikati. Nipewe upande wa chini peke yake, na upande wa Roselyn ubaki huko kwenu.

Hilo la kukata nimemwuliza Lynnet kwa simu. Amejibu kwamba picha haikatwi, mashamba yote mawili yamo pamoja. Amesema pia kwamba iko nakala moja iliyochapishwa, naye chifu amempa Roselyn aitunze hadi Alhamisi. Nimemtuma Kezia akaniombee hiyo nakala. Amerudi mikono mitupu. Anasema Roselyn hajakataa. Amesema tu niende mwenyewe, nibishe hodi, ningoje.